Habasoda, Kitunguu na Amana ya Muuza Dawa



Masika yakisha kupita katika pwani yetu hii, tangu Kunduchi, Mbweni na Bunju mpaka Mapinga, Kerege, Bagamoyo na kuendelea Saadani, majani ya porini hupea na kutoa mashuke, na upepo wa kusi huyayumbisha mchana kutwa. Baada yake miembe na mikorosho huchanua. Ni wakati mzuri wa kuzitazama neema za Mwenyezi Mungu, lakini katika nyumba nyingi ndio wakati wa chafya pia. Mtu huamka alfajiri kuchukua udhu, na kabla hajamaliza kusukutua amekwisha piga chafya kumi. Pua humtiririka, macho humwasha, koo humkereketa, naye hana homa wala hakunyeshewa na mvua. Wengi wetu huyaita hayo mafua tu. Madaktari huyaita mzio, na wengine husema aleji.

Katika msimu kama huo nilikwenda kumjulia hali mpwa wangu, aliyeolewa katika kijiji kimoja kando ya barabara ya Bagamoyo. Mwanawe wa miaka saba ana pumu, na kila msimu wa majani hupata shida ya pua kwanza, kisha kifua humbana. Juu ya kabati niliona chupa ya vidonge, imeandikwa kuwa ni vya asili, vimetokana na mimea, vina flavonoidi, navyo huondoa mzio wa kila namna.

Nikamwuliza, "Mwanangu, ile dawa ya kuvuta kwa mdomo aliyopewa hospitali iko wapi?"

Akanijibu, "Mjomba, nimemwachisha. Aliyeniuzia hivi kaniambia ile ni kemikali, na hivi ni miti mitupu. Tena Mtume wetu si alitibu kwa miti?"

Usiku wa tatu baada ya siku hiyo mtoto alishindwa kupumua, akakimbizwa hospitali. Alhamdulillahi, alipona. Tangu siku hiyo neno lile la mpwa wangu limekuwa likinirudia moyoni, kwa sababu nusu yake ni kweli, na nusu ya pili ndiyo iliyokaribia kumuua mtoto. Basi nimeona tuitazame pamoja historia ya dawa za miti, ya kwetu na ya wanachuoni wa Kiislamu waliotutangulia, tupate kujua wao walizichukuaje, na sisi yatupasa kuzichukua vipi.

DAWA ZILIZOKUJA NA JAHAZI

Kwanza tuseme wazi kwamba kutumia mimea kwa tiba si jambo la kuonea haya. Watu wa pwani hii wamejitibu kwa mimea tangu zamani, na baadhi ya majina ya dawa zetu yenyewe ni historia. Habasoda ni habbat sauda, yaani punje nyeusi. Sanamaki ni sana ya Makka. Mdalasini ni neno lililotoka katika darsini, nalo maana yake ni mti wa Uchina. Mti tuuitao mwarobaini asili yake ni Bara Hindi, nasi tuliupa jina hilo kwa kusadiki kwamba unatibu maradhi arobaini.

Majina haya yalikuja kwa bahari. Pale Kaole, mwendo mfupi kusini ya Bagamoyo, yapo magofu ya msikiti ambao wataalamu wa mambo ya kale wanasema asili yake ni karne ya 13, pamoja na makaburi yenye minara. Vigae vya vyombo vya Kichina vilivyookotwa pale vinaonyesha jinsi mji ule mdogo ulivyokuwa umeunganishwa na dunia. Jahazi lililoleta vyombo na nguo lilileta pia viungo na dawa, na lililorudi lilichukua mali ya bara na ya pwani.

Mtu wa Bagamoyo, Mtoro bin Mwinyi Bakari, aliyekwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili, ni mmoja wa walioandika habari za desturi zetu. Kazi hiyo ilitolewa na Carl Velten mwaka 1903 katika kitabu kiitwacho Desturi za Wasuaheli, na ndani yake zimo habari za waganga na za namna watu walivyouguzana. Msomaji wa leo akikisoma ataona kwamba elimu ya mizizi na majani ilikuwa imechanganyika na mambo ya ramli na pepo. Mwenye busara hutenga: hulichukua jani kwa manufaa yake, na ushirikina akauacha.

Hali kadhalika katika dini. Qur'ani Tukufu, katika Sura ya An-Nahl, aya ya 69, inatueleza kwamba katika kinywaji kinachotoka matumboni mwa nyuki mna shifaa kwa watu. Mtume wetu (S.A.W.) alitufundisha kwamba Mwenyezi Mungu hakuteremsha maradhi ila aliteremsha na dawa yake, akawaamrisha watu wajitibu. Na habasoda aliisifu, kama ilivyopokewa na Bukhari na Muslim, kwamba ndani yake mna shifaa ya kila maradhi isipokuwa mauti.

Lakini tazama, ndugu msomaji, wanachuoni waliifahamuje hadithi hiyo. Al-Khattabi aliona ni tamko la jumla lililokusudiwa jambo mahsusi, yaani maradhi ya namna ambayo tabia ya punje hiyo huyafaa. Ibn Hajar Al-Asqalani, aliyefariki mwaka 1449, alieleza kwamba habasoda hutumika mara peke yake na mara ikichanganywa na vitu vingine, kulingana na maradhi. Hawakumwambia mgonjwa aache kila kitu, ale habasoda tu, akalale. Waliuliza ugonjwa upi, kwa kipimo gani na kwa njia gani. Hayo ndiyo maswali ambayo mpwa wangu hakuyauliza, na muuzaji wake hakuyataja.

RAZI NA MAFUA YA WARIDI

Watu hudhani mzio wa msimu ni jambo jipya lililogunduliwa Ulaya. Ni kweli kwamba daktari wa Kiingereza John Bostock aliueleza mwaka 1819, akiandika habari za ugonjwa wake mwenyewe uliomjia kila kiangazi, na kwamba Mwingereza mwenzake Charles Blackley alithibitisha mwaka 1873 kuwa sababu ni chavua, yaani ule unga wa maua na mashuke ya majani. Lakini kiasi cha miaka 900 kabla ya Bostock, tabibu mkubwa wa mji wa Rayy huko Uajemi, Abu Bakr Muhammad bin Zakariyya Ar-Razi, aliyezaliwa mwaka 865 na kufariki mwaka 925, aliandika risala fupi juu ya mtu mmoja maarufu. Mtu huyo ni mwanachuoni Abu Zayd Al-Balkhi, na suala la Razi lilikuwa hili: kwa nini Abu Zayd hushikwa na mafua kila majira ya machipuko, anaponusa waridi?

Madaktari wa leo huihesabu risala hiyo miongoni mwa maelezo ya kale kabisa ya mafua ya mzio. Na wengine huongeza kwamba huenda waridi lenyewe halikuwa na kosa. Chavua ya waridi ni nzito, hubebwa na nyuki. Ile inayowasumbua watu wengi ni chavua nyepesi ya majani na ya miti inayotegemea upepo, na majani hayo hutoa mashuke wakati ule ule waridi linapochanua. Kwa hiyo Razi aliuona msimu, akaona dalili, akaziunganisha. Na waliokuja baada yake wakaendelea kutafuta sababu. Elimu huenda hivyo, hatua kwa hatua, na wala haiwi aibu kwa wa kwanza kwamba wa baadaye ameongeza.

Razi alikuwa na tabia nyingine ambayo yatupasa tuikumbuke. Katika kitabu chake kikubwa cha tiba kiitwacho Al-Hawi mna habari kwamba alipotaka kujua kama kupiga chuku kunawafaa wagonjwa wa homa ya utando wa ubongo, kundi moja aliwapiga chuku na kundi la pili akaliacha makusudi bila kulipiga, ili apate kulinganisha. Hakuridhika kusema kwamba kila mtu anajua, wala kwamba wazee walisema. Alitaka kuona tofauti ya aliyetibiwa na asiyetibiwa. Tena aliandika risala juu ya sababu zinazowafanya watu wawaache matabibu hodari na kuwafuata walaghai. Ndugu yangu, hiyo ni karne ya 10, na maneno hayo yangeweza kuandikwa juu ya soko lolote la leo.

MZANI WA MUHTASIB

Baada ya Razi walikuja wengine waliopanua elimu ya mimea. Mmoja wao ni Ibn Al-Baytar, mzaliwa wa Malaga katika Andalusi, aliyesafiri Afrika ya Kaskazini akiokota na kuchunguza mimea, akawa mkuu wa wajuzi wa mitishamba huko Misri, na akafariki Damascus mwaka 1248. Kitabu chake kikubwa kina maelezo ya dawa zipatazo 1,400. Aliwanukuu wale waliomtangulia kwa majina yao, na palipokuwa na kosa alilionyesha.

Lakini wanachuoni hawakuishia kuandika vitabu. Walijua kwamba dawa ikishaingia sokoni huingia mkononi mwa watu wa kila namna. Kwa ajili hiyo palikuwa na muhtasib, mtu aliyewekwa na serikali kusimamia soko, akakagua mizani, mikate, nyama na dawa. Katika karne ya 12 mtu wa Sham aitwaye Ash-Shayzari aliandika kitabu cha kumwongoza muhtasib, na ndani yake mna milango juu ya wauza dawa na watengenezaji wa sharbati za tiba. Aliwatahadharisha wakaguzi juu ya vitu vinavyochanganywa ili dawa ya bei kubwa ionekane nyingi, akaeleza namna ya kuutambua udanganyifu huo. Na kazi hii ni nzito, kwa sababu mnunuzi wa dawa hawezi kuijua mwenyewe kama anavyoujua mchele.

Msingi wa hayo yote tunaujua. Mtume (S.A.W.) alipita sokoni, akatia mkono katika lundo la chakula, akakuta chini kumelowa na juu kukavu, akamkemea mwenye mali na kumjulisha kwamba anayeghushi hayumo pamoja nasi. Na katika hadithi iliyopokewa na Abu Daud na wengineo, alitufundisha kwamba mtu anayejitia kutibu, na hali hajulikani kuwa ana elimu ya tiba, basi yeye ni mdhamini wa madhara atakayoyaleta. Tazama uzito wa neno hilo. Anayemwambia mama aache dawa ya mwanawe amejitia kutibu, hata kama yeye anajiita muuzaji tu.

KUTOKA KHELLA YA MISRI

Sasa natuitazame dawa ya mzio yenyewe, kwani hapa ndipo ilipo hadithi ambayo watu wachache wanaijua, nayo inamjibu vizuri anayesema kwamba mti na hospitali ni maadui.

Huko Misri na nchi za jirani huota mmea uitwao khella, wa ukoo mmoja na bizari na giligilani. Tangu zamani watu wa Misri walichemsha mbegu zake kwa maumivu ya mawe ya figo. Katika miaka ya 1940 watafiti wa Cairo wakaichunguza kemikali iliyomo ndani yake, khellini, wakaona kwamba hulegeza misuli iliyokaza, ikiwamo ya njia za pumzi. Habari hizo zikafika Uingereza. Katika miaka ya 1950 daktari mmoja aitwaye Roger Altounyan, aliyezaliwa Sham mwaka 1922 na ambaye mwenyewe alikuwa na pumu, alianza kuifanyia kazi khellini na michanganyiko iliyotengenezwa kwa kuifuata.

Namna yake ya kufanya kazi ni ya ajabu. Alijifanya yeye mwenyewe ndiye mgonjwa wa kupimwa. Alivuta kwa makusudi unga wa manyoya ya mnyama mdogo wa maabara ambao alijua utamletea pumu, kisha akapima kama mchanganyiko aliotumia kabla ya hapo umemkinga au haukumkinga. Aliendelea hivyo kwa miaka, mchanganyiko baada ya mchanganyiko, na mwingi katika hiyo haukufaa kitu. Mwaka 1965 ukapatikana uliofaa, ukaitwa kromoglikati ya sodiamu, na mwishoni mwa miaka ya 1960 ukaanza kutumiwa na wagonjwa wa pumu. Baadaye ukatengenezwa pia kwa ajili ya pua na macho yanayosumbuliwa na chavua. Altounyan alifariki mwaka 1987.

Basi dawa iliyotoka katika mbegu zilizochemshwa vijijini Misri iliingia hospitali za dunia. Lakini haikuingia kwa sababu ni ya asili. Iliingia kwa sababu mtu alikubali kubanwa kifua mara nyingi ili apate kujua kweli, na kwa sababu alitupa vyote visivyofaa, hata vile alivyokuwa amevitumainia.

RANGI YA KITUNGUU

Vidonge vya mpwa wangu vilikuwa na kitu kiitwacho kwesetini, nacho ni cha jamaa ya flavonoidi. Flavonoidi ni kemikali zinazotengenezwa na mimea, na nyingi kati yake huchangia rangi za maua, matunda na majani. Kwesetini imo kwa wingi katika vitunguu maji, hasa vyekundu, na katika matufaha, majani ya chai na mboga nyingi. Kwa hiyo kila nyumba ya pwani inayokaanga kitunguu cha pilau inaila, ijue isijue.

Mwaka 1936 mwanasayansi wa Hungaria, Albert Szent-Györgyi, pamoja na wenzake, walidhani flavonoidi za ndimu ni vitamini mpya, wakaiita vitamini P. Mwaka uliofuata mtu huyo alipata Tuzo ya Nobel kwa kazi zake nyingine, zikiwamo za vitamini C. Pamoja na heshima yake yote, dai la vitamini P halikusimama. Uchunguzi uliofuata haukuthibitisha kwamba mwili ukizikosa flavonoidi hupata ugonjwa maalumu, kama upatavyo kiseyeye kwa kukosa vitamini C, na jina hilo likaachwa.

Lakini habari ya flavonoidi haikuishia hapo. Ili tuielewe, tujue kwanza mzio unavyofanya kazi. Katika ngozi laini ya pua na macho zimo seli zilizobeba vifuko vya kemikali iitwayo histamini. Kwa mtu mwenye mzio, mwili umeidhania chavua kuwa ni adui, na chavua ikigusa, seli hizo humwaga histamini. Hapo ndipo pua hutiririka na macho huwasha. Dawa za kawaida za mzio, kama setirizini, huizuia histamini isifanye kazi baada ya kumwagwa. Kromoglikati huzizuia seli zisimwage. Na katika miaka ya 1970 watafiti wakaona katika maabara kwamba kwesetini nayo, ikiwekwa pamoja na seli hizo, huzipunguzia kumwaga. Si ajabu, kwa kuwa umbo la kikemia la flavonoidi lina ujamaa na lile la khellini.

Hiyo ndiyo nusu ya kweli katika maneno ya muuzaji. Ama nusu ya pili ni kwamba seli zilizo katika chombo cha maabara si mtu. Kwesetini ikimezwa, sehemu ndogo tu ndiyo huingia katika damu, na hiyo nayo hubadilishwa na mwili. Majaribio juu ya watu wenye mzio wa msimu ni machache na ni ya watu wachache. Baadhi yake yalifanywa Japani, mahali ambapo chavua ya mti mmoja husumbua watu wengi sana. Yalitumia aina iliyotengenezwa ili iingie mwilini kwa urahisi, na nafuu iliyoonekana ilikuwa zaidi katika macho. Habasoda nayo imejaribiwa kwa mafua ya mzio, katika majaribio madogo pia, na mengine yameonyesha nafuu. Hayo ni mambo ya kutia moyo, nayo yanastahili kuendelezwa. Lakini kati ya nafuu ya macho kwa baadhi ya watu na kuponya mzio wa kila namna pana umbali mkubwa, na kuacha dawa ya pumu ni jambo ambalo majaribio hayo hayakulielekeza kabisa.

NENO "ASILIA"

Wako wanaosema kwamba hata kama hakifai, kitu cha asili hakidhuru. Hili nalo tulipime. Huko Ulaya upo mmea uitwao Petasites ambao katika jaribio lililotangazwa mwaka 2002 huko Uswisi ulionekana kuwasaidia watu wenye mafua ya chavua kwa kiasi kilichokaribiana na setirizini. Ungesema tumeipata. Lakini mmea huo wenyewe una sumu inayodhuru ini, ambayo lazima iondolewe kwa ustadi, na mwaka 2012 wakuu wa dawa wa Uingereza walitaka bidhaa zake zisizo na kibali ziondolewe madukani. Mmea mmoja una nafuu na una sumu, vyote ni vya asili. Nasi wa pwani tunajua hilo bila kwenda Ulaya, kwani kuna mihogo michungu ambayo asiyejua kuiandaa humwua.

Tena vidonge hivi hubeba kipimo kikubwa kuliko kile kilicho katika chakula, navyo huweza kuingiliana na dawa nyingine alizopewa mgonjwa. Mwenye mimba, anayenyonyesha, mwenye maradhi ya figo na anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda asivimeze bila kumwuliza daktari.

BAGAMOYO NI SHAHIDI

Msomaji anaweza kusema kwamba mambo ya kupima dawa ni ya nchi za mbali. Sivyo. Mji wa Bagamoyo umo katika historia hiyo. Kituo cha Taasisi ya Afya ya Ifakara kilichopo Bagamoyo kilikuwa mojawapo ya vituo vya Tanzania, pamoja na Korogwe, vilivyoshiriki katika jaribio kubwa la chanjo ya malaria iitwayo RTS,S, kati ya mwaka 2009 na 2014. Jaribio hilo lilikuwa na watoto zaidi ya 15,000 katika nchi saba za Afrika. Wamo watoto wa vijiji vyetu, na wamo mama zao waliowapeleka kliniki mara baada ya mara ili wapimwe.

Matokeo yalitangazwa kama yalivyo: katika watoto waliopata dozi zote nne, chanjo ilipunguza malaria kwa zaidi kidogo ya theluthi moja. Haikusemwa kwamba inaponya kila kitu. Na kwa theluthi hiyo iliyosemwa kwa ukweli, Shirika la Afya Duniani liliipendekeza mwaka 2021. Chanjo ya pili, R21, ambayo nayo ilijaribiwa Bagamoyo, ikapendekezwa mwaka 2023. Watu wa Bagamoyo wamekwisha ona kwa macho yao jinsi dai la tiba linavyopimwa kabla ya kutangazwa.

Dawa za miti nazo hazikusahauliwa. Mwaka 1974 kiliundwa pale Muhimbili kitengo cha utafiti wa dawa za asili, ambacho mwaka 1991 kilikuwa taasisi kamili, na mwaka 2002 Bunge lilipitisha sheria ya tiba asili na tiba mbadala, iliyoweka baraza la kuwasajili wanaotoa tiba hizo. Kwa hiyo mtu akikwambia dawa yake ni ya miti, una haki ya kumwuliza: Umesajiliwa? Dawa yako imesajiliwa? Imepimwa kwa nani? Mwaminifu hatachukia maswali hayo.

YATUPASAYO

Ndugu msomaji, historia hii ina somo moja. Waliotutangulia waliuheshimu mti kwa kuuchunguza. Razi aliweka makundi mawili na kulinganisha, Ibn Al-Baytar alisahihisha vitabu, Ash-Shayzari aliufundisha mkono wa mkaguzi, na wafasiri wa hadithi wakauliza kipimo na njia. Anayeliuza jina la Mtume wetu juu ya chupa bila kufanya hata moja katika hayo hafuati Sunna. Ameifanya Sunna kuwa karatasi ya kufungia bidhaa.

Basi nyumbani tufanye hivi. Mwenye chafya za msimu ajue kwanza kinachomsumbua, kwani pwani yetu ina unyevu, na mara nyingi si chavua peke yake bali pia vumbi la magodoro na ukungu wa kuta. Aanike matandiko juani na kuyafua kwa maji ya moto, afagie kwa kitambaa kibichi, na wakati wa upepo wa mashuke afunge madirisha. Kuosha pua kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, yenye chumvi kidogo, kunawafaa wengi, nasi tuliozoea kupandisha maji puani kwa udhu hatutaona ugeni. Kitunguu, asali na habasoda vina mahali pake mezani. Tule kwa shukrani. Anayetaka kujaribu vidonge na amwonyeshe daktari wake chupa. Na mwenye pumu asiiache dawa ya kuvuta kwa neno la mtu yeyote ila la mganga aliyempa.

Ama wewe ndugu muuza dawa, ikiwa unayasoma haya, sikukusudia kukutoa katika riziki yako. Sema unachokijua, na usichokijua kiache. Mama anayekuja dukani kwako na noti iliyokunjwa mkononi hawezi kuyajua yaliyomo ndani ya chupa, amekuamini wewe. Amana hiyo utaulizwa, duniani au Akhera.

Yule mtoto sasa amerudi shule, na dawa yake ya kuvuta iko juu ya kabati mahali ilipokuwa ile chupa. Nilipomtembelea mara ya mwisho mama yake alikuwa akisaga habasoda ya kutia katika mkate. "Mjomba," akaniambia akicheka, "hii naila, lakini ile siiachi."

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, atuzidishie elimu yenye manufaa, na atujaalie ukweli katika maneno yetu na katika mizani zetu. Amin.